Kwa Nini Rangi ya Kwenye Simu Haifiki Kwenye Lebo

Mtu anayefungua biashara akiingia kwenye ofisi ndogo ya ubunifu, ile ya vijana wawili watatu, kompyuta mbili na feni, huwa na orodha fupi kichwani: nembo, lebo, bango na tovuti. Kwake hivyo ni vitu vinne. Kwa waliokaa nyuma ya kompyuta ni tatizo moja la fizikia linalojirudia mara nne. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi inaumeza, plastiki ya bango inachomwa na jua, na fulana ni nyuzi zilizofumwa. Vitu hivi havifanani hata kidogo, na kazi ni kulifanya jicho la mnunuzi likubali kwamba vyote ni vya mtu mmoja.

Tuchukue mteja wa kubuni ili tuwe na kitu cha kushika. Mama mmoja anasindika asali ya Tabora na sasa anataka iuzwe kwenye maduka makubwa. Amechagua rangi ya chungwa iliyochangamka. Ameiona kwenye simu ya mbunifu, ameipenda, amelipa malipo ya awali. Lebo zinapotoka kwa mchapaji, anaishika moja na kuigeuza geuza. "Mwanangu, hii siyo rangi niliyochagua. Hii imeingia ukahawia." Kijana anamwonyesha faili: "Ni ileile, mama. Sijagusa kitu." Wote wawili wanasema kweli, na ili tuone inawezekanaje lazima turudi nyuma kabisa, kwenye swali ambalo ofisi yenye foleni ya kazi haina muda wa kuliuliza: rangi inakaa wapi?

Zima taa usiku, funga dirisha vizuri, kisha shika chungwa. Uzito upo, harufu ipo, mviringo upo. Rangi haipo. Haijajificha gizani ikisubiri kufichuliwa. Haipo, kwa sababu ili rangi itokee lazima vitu vitatu vikutane: mwanga unaotoka mahali, kitu kinachoubadili mwanga huo, na jicho lenye ubongo nyuma yake. Badilisha kimoja na rangi hubadilika, hata kama viwili vilivyobaki havijaguswa. Ugomvi mwingi kati ya mteja na mbunifu huzaliwa pale kila mmoja anapodhani kwamba rangi ni mali ya kitu kimoja tu, cha katikati.

Tuanze na mwanga. Jicho la mtu hupokea mawimbi yenye urefu wa takriban nanomita 400 hadi 700, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Mawimbi mafupi tunayaona kama zambarau na buluu, ya kati kama kijani, marefu kama nyekundu. Kuanzia mwaka 1666 hivi, Isaac Newton alipitisha mwanga wa jua kwenye tundu la dirisha, akauingiza katika prizimu, ukatawanyika ukutani kama upinde wa mvua. Wengi kabla yake walidhani kioo ndicho kinachoupaka mwanga rangi. Newton alichukua rangi moja kati ya zile, akaipitisha kwenye prizimu ya pili, na haikubadilika tena. Basi kioo hakikuongeza kitu. Kilitenganisha tu vilivyokuwa vimechanganyika. Na alikwenda mbali zaidi kuliko wanavyokumbuka wengi: katika kitabu chake cha 1704 kuhusu mwanga alisisitiza kwamba miale yenyewe haina rangi, bali ina uwezo wa kuamsha ndani yetu hisia ya rangi. Kwa hiyo sehemu ya jibu iko kwenye jicho.

Nyuma ya jicho kuna seli zinazoitwa koni, kama milioni 6 hivi, za aina tatu. Aina ya kwanza huitikia zaidi mawimbi ya karibu nanomita 420, ya pili 530, ya tatu 560. Kwa mazoea huitwa za buluu, kijani na nyekundu, ingawa hiyo ya tatu kilele chake kiko kwenye njano inayoelekea kijani, si kwenye nyekundu hata kidogo. Jambo la kushika hapa ni hili: koni moja haiwezi kujua ni wimbi gani limeigusa. Inajua imeguswa kiasi gani, basi. Mchanganyiko wowote wa mawimbi, hata uwe na sura ngumu namna gani, unaufikia ubongo ukiwa umegeuzwa kuwa vipimo vitatu tu. Ni sawa na muuza duka ambaye jioni haandiki alichouza, anaandika jumla. Elfu tisini ya leo inaweza kuwa ya mchele mtupu, na elfu tisini ya jana ya sukari na mafuta ya taa. Ukisoma daftari huoni tofauti.

Ndiyo maana njano ya taa za barabarani za sodiamu, zile za shinikizo dogo, ambayo karibu yote ni mawimbi ya nanomita 589, na njano ya kwenye simu yako huweza kuonekana sawa, ingawa simu haina nukta hata moja ya njano. Ina nukta nyekundu na nukta za kijani zilizowashwa pamoja. Mawimbi ni tofauti, jumla tatu ni zilezile, na jicho linatia sahihi bila kuuliza. Bila udhaifu huu wa jicho pasingekuwa na televisheni ya rangi, wala gazeti la rangi, wala ofisi za ubunifu.

Thomas Young, daktari wa Uingereza, alikisia mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba jicho lina vipokezi vya aina tatu, pasipo kuviona. Aliyelifanya wazo hilo lionekane ukutani ni James Clerk Maxwell. Tarehe 17 Mei 1861, katika taasisi ya Royal Institution mjini London, alionyesha picha ya utepe wa kitambaa cha Kiskoti chenye mistari ya rangi. Mpigapicha Thomas Sutton alikuwa ameupiga utepe ule mara tatu: kupitia kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu. Picha zote tatu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kisha zikaangazwa ukutani kwa taa tatu, kila moja ikipitia kichujio chake kilekile, zikalaliana, na utepe ukajitokeza na rangi zake.

Kisa hiki kina mkia unaonifurahisha kuliko chenyewe. Kemikali za kupigia picha za wakati ule zilikuwa hazioni nyekundu. Picha ya kichujio chekundu ilipaswa kutoka tupu, na jaribio zima kushindwa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1961, watafiti wa Kodak walilirudia na kupata jawabu: rangi nyekundu ya utepe ilirudisha pia mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho halioni lakini kemikali ziliiona, na kichujio chekundu kiliiruhusu ipite. Kwa hiyo kilichorekodiwa kama nyekundu hakikuwa nyekundu. Ilitosha kwamba kilikaa mahali nyekundu ilipokuwa. Mbunifu yeyote aliyewahi kusahihisha rangi za picha ya chakula anaijua hali hiyo: unachohitaji si ukweli wa mawimbi, ni jumla zinazokubalika.

Skrini ya simu ni jaribio la Maxwell lililosagwa likawa unga. Weka tone dogo la maji juu ya ukurasa mweupe wa simu. Tone litakuwa lenzi, na utaona vinukta vyekundu, vya kijani na vya buluu. Weupe haumo. Katika simu yenye pikseli 400 kwa inchi, pikseli moja ina upana wa kama milimita 0.06, na jicho zuri likiwa sentimita 30 kutoka kwenye kioo haliwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya milimita 0.09 hivi. Vinukta vinayeyuka kuwa kimoja ndani ya jicho.

Kila nukta inaamriwa kwa namba kuanzia 0 hadi 255, yaani hatua 256, na 256 mara 256 mara 256 inatoa michanganyiko 16,777,216. Rangi ya chungwa ya mama wa asali tuiweke 255 kwa nyekundu, 140 kwa kijani, 0 kwa buluu. Kwenye tovuti namba hizo huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita badala ya kumi: FF, 8C, 00. Ile 8C si fumbo. Ni nane mara kumi na sita, jumlisha kumi na mbili, jibu 140. Huo ndio msimbo ambao mbunifu anamwandikia mteja kwenye karatasi, na mteja anauweka kwenye droo asijue wa nini.

Lakini 140 kati ya 255 haina maana kwamba nukta ya kijani inatoa asilimia 55 ya mwanga wake. Inatoa kama asilimia 26. Sababu ni jicho tena. Mshumaa mmoja ukiwashwa kwenye chumba chenye giza ni tukio. Ukiwashwa uani saa sita mchana hakuna atakayegeuka. Jicho hupima mwanga kwa uwiano, si kwa kujumlisha, kwa hiyo namba zimepangwa ziende kwa hatua ndogo kwenye giza na hatua kubwa kwenye mwangaza. Kanuni inayoamua mpangilio huo iliwekwa na kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996, inaitwa sRGB, na hadi leo kivinjari kikikutana na msimbo wa rangi usio na maelezo mengine, huuchukua kuwa wa kanuni hiyo.

Sasa tutoke kwenye kioo twende kwenye karatasi, ambako kila kitu kinapinduka. Karatasi haitoi mwanga. Inaazima mwanga wa chumba, na wino kazi yake ni kunyang'anya. Wino wa sayani, ule wa buluu-kijani, unameza nyekundu. Majenta inameza kijani. Njano inameza buluu. Kila wino ni mlinzi wa koni moja. Ukitaka chungwa, unalaza njano nzito imeze buluu yote, na majenta ya wastani imeze sehemu ya kijani. Kilichobaki kinarudi kwenye jicho kikiwa nyekundu nyingi na kijani kidogo, sawa na alichoona mama kwenye simu.

Sawa kwa nadharia. Wino halisi hauna adabu ya nadharia. Majenta ya kiwandani humeza pia sehemu ya buluu isiyomhusu, sayani humeza kijani kidogo, na kila tabaka linaloongezwa linapunguza mwanga unaorudi. Skrini ikiongeza rangi inang'aa zaidi. Karatasi ikiongezwa rangi inafifia. Kwa hiyo zipo rangi ambazo simu inaziweza na wino nne haziziwezi kabisa, hasa chungwa kali, kijani cha majani machanga na buluu ya kung'aa. Hakuna mchapaji wa kulaumiwa hapo. Kompyuta inapogeuza faili kutoka RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu za skrini, kwenda CMYK, yaani wino nne za mchapaji, hutafuta rangi ya karibu iliyo ndani ya uwezo wa wino, na ya karibu na chungwa kali ni chungwa lililotulia, lenye ukahawia kidogo. Hilo ndilo mama alilolishika mkononi.

Wino wa nne, mweusi, umeingia kwa sababu ya adabu hiyohiyo iliyokosekana. Sayani, majenta na njano zikilaliana zilipaswa kumeza kila kitu na kutoa weusi. Hutoa tope. Isitoshe karatasi inalowa, na herufi ndogo iliyochapwa kwa wino tatu ikihama hata kidogo inaonekana kama ina homa.

Dawa ya chungwa ipo, ila ina gharama. Mwaka 1963 Lawrence Herbert wa Marekani alitoa utaratibu wa Pantone: badala ya kuitengeneza rangi juu ya karatasi kwa nukta za wino nne, unachanganya wino kwenye kopo kabla, kwa vipimo vilivyoandikwa, ukaupa namba. Mchapaji wa Nairobi na wa Muscat wakifuata namba moja wanapata wino mmoja. Wino wa kopo unaweza kuwa na chungwa ambalo nukta haziwezi kulifikia. Lakini kopo lake linahitaji nafasi yake kwenye mashine, na mashine lazima isafishwe kabla na baada, kwa hiyo kwa lebo mia tatu haina maana na kwa lebo laki moja ina maana kubwa. Hesabu hii ndiyo mbunifu mwaminifu humwekea mteja mezani kabla ya kuchagua rangi, wala si baada ya lebo kutoka.

Asali ina mtego wake mwingine. Wino za kuchapia ni angavu. Mwanga hupenya, hufika kwenye karatasi nyeupe, hurudi. Weupe wa karatasi ndio taa ya nyuma. Mama akiomba stika isiyo na mandhari, ya plastiki inayoonyesha ndani ili asali ionekane, mwanga unapenya wino, unaingia kwenye asali, na asali nayo inachukua ushuru wake wa buluu na kijani kabla ya kuurudisha, kama itaurudisha. Chungwa linazama. Lazima pachapwe kwanza tabaka la wino mweupe chini ya nembo. Fulana nyeusi ni hivyohivyo: bila msingi mweupe chini, rangi inakufa ndani ya kitambaa.

Tumegusa kitu na jicho, bado mwanga wa mahali rangi inapotazamwa. Kwa kuwa rangi mbili zinaweza kufanana kwa jumla huku zikitofautiana kwa mawimbi, kufanana kwao ni kwa mkataba wa taa moja. Taa nyeupe za LED zilizojaa madukani kiini chake ni buluu ya karibu nanomita 450, iliyozungukwa na unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano. Kati ya hizo mbili kuna bonde, na nyekundu ya mbali ni hafifu. Jua halina bonde hilo. Mfuniko wa chupa na lebo, vilivyotengenezwa na viwanda viwili, vinaweza kufanana kabisa ofisini na kuachana mlangoni. Viwanda vya uchapaji vina taa maalumu ya kukagulia, ya kelvini 5,000. Ofisi ndogo isiyo na taa hiyo ina njia ya bure: toka nje na sampuli mkononi, kisha rudi ndani, kisha nenda ukaitazame kwenye rafu itakapokaa.

Rafu yenyewe ina mengi ya kusema. Michel-Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa, aliteuliwa mwaka 1824 kusimamia upakaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Mafundi wakamletea lalamiko: nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Alizilinganisha na nyuzi nyeusi za karakana nyingine na hakuona kasoro. Kasoro ilikuwa kwa majirani. Nyuzi zile zilifumwa kando ya buluu na zambarau, na jicho, ambalo husoma kila rangi kwa kuilinganisha na iliyo ubavuni, liliuondoa weusi wake. Kitabu alichokitoa kuhusu jambo hilo mwaka 1839 bado kinawahusu wapanga rafu. Chungwa la mama likikaa kati ya chupa za buluu litaruka; likikaa kati ya asali nyingine kumi zenye lebo za njano na chungwa, halitaonekana.

Ndiyo maana sizipi uzito mkubwa semina zinazofundisha kwamba buluu huleta imani na nyekundu huleta njaa. Kati ya kampuni za simu, Safaricom ni ya kijani, Airtel ni nyekundu, MTN ni njano, na mamilioni ya watu huwakabidhi wote watatu fedha zao. Kinachofanya kazi ni kwamba kila mmoja ameshika rangi yake bila kuiachia, na haifanani na ya jirani.

Tovuti sasa. Mama anataka maandishi meupe juu ya chungwa lake, kwa sababu yanapendeza. Hapa kuna hesabu fupi inayoweza kumaliza ubishi bila mtu kuonekana mkaidi. Mwangaza wa rangi kwa jicho hauchangiwi sawa: kijani kinaleta asilimia 72 hivi, nyekundu 21, buluu 7. Kwa chungwa letu, nyekundu imewaka yote na kijani asilimia 26, kwa hiyo mwangaza ni 0.21 na 0.19, jumla 0.40, ambapo nyeupe ni 1 na nyeusi ni 0. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unachukua mwangaza mkubwa na mdogo, unaongeza 0.05 kwa kila mmoja, kisha unagawanya. Nyeupe juu ya chungwa: 1.05 gawanya kwa 0.45, jibu 2.3. Nyeusi juu ya chungwa: 0.45 gawanya kwa 0.05, jibu 9. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yasipungue 4.5. Nyeupe imeshindwa, nyeusi imefaulu mara mbili.

Ile 0.05 iliyochomekwa inastahili kutazamwa. Inasimamia mwanga wa chumba unaogonga kioo na kurudi machoni, mwanga ambao hauhusiani na ulichoandika. Unajumlishwa juu na chini ya mgawanyo, kwa hiyo ukikua unazivuta pande mbili zifanane. Ofisi yenye taa nzuri ina kama laksi 500. Jua la saa sita Dodoma au Kisumu linafika laksi 100,000. Tuseme nje mwanga huo wa kioo umepanda kutoka 0.05 hadi 0.5. Nyeusi juu ya nyeupe, ambayo ofisini ilikuwa 21, inaanguka hadi 3. Nyeusi juu ya chungwa inaanguka hadi 1.8. Kijivu laini kwenye nyeupe, ambacho wabunifu wa kila bara wanakipenda kwa sababu kwenye kompyuta zao kinaonekana cha kistaarabu, kinatoweka. Mteja wa asali anasoma bei akiwa kituoni, jua utosini, simu imepunguzwa mwanga ili chaji ifike jioni. Kwa mtu huyo chungwa libaki kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye kitufe cha kuagiza. Maneno yawe meusi juu ya nyeupe, makubwa, na mjadala uishie hapo.

Yupo pia ambaye koni zake za aina moja hazifanyi kazi kama za wengine. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni karibu asilimia 8. Katika jamii nyingi za Afrika ni pungufu ya hapo, ila wapo. Kwao nyekundu na kijani zinaweza kuingiliana. Tovuti inayosema "zilizoisha zina alama nyekundu, zilizopo zina alama ya kijani" imewaacha bila habari, wakati neno moja tu, "imeisha", lingetosha.

Udhaifu wa jicho unasaidia pia kwenye uzito wa picha. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12, kila moja namba tatu, yaani baiti milioni 36. Mnunuzi anayetumia bando hatazisubiri. Jicho, hata hivyo, huona mipaka ya mwanga na giza kwa ukali mkubwa, na mipaka ya rangi kwa uvivu. Mfumo wa JPEG, uliowekwa kuwa kiwango mwaka 1992, hutenganisha mwangaza na rangi, kisha kwa kawaida huhifadhi rangi ya kila pikseli nne kama kipimo kimoja cha pamoja. Hapo nusu ya data imeondoka na hakuna aliyeona, na hesabu nzito za kubana bado hazijaanza. Kupunguza ukubwa kwanza ni muhimu zaidi: picha ya 1,200 kwa 900 ina pikseli pungufu mara 11, na skrini nyingi za simu hazihitaji zaidi. Inashangaza ni tovuti ngapi hubeba picha kama zilivyotoka kwenye kamera, zikimtoza mgeni kwa vipimo ambavyo simu yake itavitupa.

Linabaki jua, ambalo halifanyi mambo kwa nadharia. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, ya urujuanimno ina nguvu ya kutosha kuvunja baadhi ya viungo vya kikemia, na molekuli ya rangi ikivunjika haimezi tena mawimbi yale. Molekuli hazivunjiki kwa mwendo mmoja. Tazama mabango ya kampeni miaka miwili baada ya uchaguzi: wagombea wote wamegeuka buluu, chama chochote wawacho. Njano na majenta zimekwenda. Zimebaki sayani na nyeusi. Nyeusi ni kaboni, masizi tu, na jua haliyawezi. Sayani ni fthalosianini ya shaba, ya ukoo wa molekuli zilizogunduliwa kwa ajali mwaka 1928 katika kiwanda cha Grangemouth, Scotland, chombo cha kupikia kemikali kilipopasuka ndani, chuma chake kikaguswa, na uchafu wa buluu ukajitokeza usiokubali kutoka. Ile ya shaba iliingia sokoni mwaka 1935. Chungwa la mama limejengwa kwa njano na majenta peke yake, yaani kwa wale wawili wanaokimbia kwanza. Bango lake litapauka mapema kuliko la jirani wa buluu, na hilo linapaswa kusemwa siku rangi inachaguliwa, pamoja na bei ya plastiki ya kufunika yenye kinga ya urujuanimno na hesabu ya kulibadilisha bango kila baada ya muda.

Hata mahakama imewahi kulazimika kufikiri hivyo. Kampuni ya simu ya Uholanzi, Libertel, ilitaka kusajili rangi ya chungwa iwe alama yake ya biashara, ikapeleka mstatili wa rangi kwenye karatasi. Tarehe 6 Mei 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilieleza kwamba kipande cha karatasi peke yake hakitoshi, kwa kuwa karatasi hupauka na rangi iliyosajiliwa ingekuwa inahama taratibu ndani ya faili. Msimbo unaotambulika kimataifa ndio unaoweza kuishika rangi mahali pake.

Mwongozo wa chapa wa mama wa asali, ukiandikwa vizuri, hauzidi ukurasa mmoja: FF8C00 kwa skrini, asilimia za wino nne kwa lebo, namba ya kopo kwa siku oda itakapokuwa kubwa, tabaka jeupe chini kwa kila kinachoonyesha ndani, nyeusi kwa maandishi. Fundi wa bango akija mwaka wa tatu, apewe ukurasa huo. Asiambiwe afananishe na bango lililopo ukutani.